Shule 12 kwenye fomu, tatu tu karibu na nyumbani: Mtihani wa wazazi wa Meru na Embu

MZAZI aliyefanya mtihani wa KCPE miaka ya tisini katika kijiji chochote cha Meru au Embu anakumbuka jinsi shule ya upili ilivyochaguliwa. Majina machache yaliyosifika, Meru School likiwa miongoni mwao, yalinakiliwa kwenye fomu na mwanafunzi baada ya mwanafunzi. Kilichofuata kiliamuliwa na alama. Aliyezikosa alikwenda alikoitwa, na huko alikuta masomo yale yale yanayofundishwa kwingineko, tofauti ikiwa ni ubora wa walimu na wingi wa vitabu.

Mzazi huyo sasa ana mtoto katika Gredi ya 9, na wengi wa rika lake wangali wanachagua shule kwa kumbukumbu hiyo. Wanatafuta jina. Mfumo wa sasa hauanzi na jina. Unaanza na masomo, na shule hufuata baadaye. Kosa linalofanywa katika hatua hiyo ya kwanza haliwezi kurekebishwa na sifa ya shule yoyote.

Kundi la kwanza la Mtaala wa Umilisi, lililoanza safari yake mwaka 2019, lilifanya mtihani wa KJSEA mwishoni mwa 2025. Watahiniwa walikuwa zaidi ya milioni 1.1 kote nchini. Matokeo yalitangazwa Desemba na Waziri wa Elimu, Bw Julius Ogamba, na Januari 2026 wanafunzi hao wakaanza Gredi ya 10 katika shule ambazo kwa mwaka mzima wa 2025 hazikuwa na Kidato cha Kwanza. Katika shule hizo sasa wanasoma bega kwa bega na ndugu zao wa 8-4-4, ambao kundi lao la mwisho litafanya KCSE mwaka 2027.

Utaratibu uliotumika ni huu. Mwanafunzi alitakiwa kwanza kuchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: ule wa Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati ambao wengi huuita STEM, ule wa Sayansi ya Jamii, na ule wa Sanaa na Michezo. Ndani ya mkondo huo alichagua michanganyiko mitatu ya masomo, kila mchanganyiko ukiwa na masomo matatu. Kisha kwa kila mchanganyiko akataja shule nne. Jumla ni shule 12. Kati ya hizo, tisa zilikuwa za bweni, tatu zikiwa katika kaunti ya nyumbani na sita nje yake. Tatu zilizosalia zilikuwa shule za kutwa katika kaunti ndogo anakoishi.

Nafasi zilitolewa kwa kuangalia KJSEA yenyewe, iliyobeba asilimia 60, mtihani wa KPSEA wa Gredi ya 6 uliobeba asilimia 20, na tathmini za shuleni zilizobeba asilimia 20. Kwa maneno mengine, asilimia 40 ya matokeo ya mtoto ilikuwa imekwisha kuandikwa kabla hajaingia chumba cha mtihani. Mzazi anayesubiri muhula wa mwisho ndipo aanze kuuliza habari za masomo ya mwanawe huwa amechelewa kwa miaka mitatu.

Shule zenyewe ziligawanywa katika makundi manne. C1 ni zile zilizokuwa za kitaifa, C2 zile zilizopokea wanafunzi kutoka kaunti mbalimbali, C3 za kaunti, na C4 za kaunti ndogo. Majina yamebadilika, lakini ngazi ni ile ile, na kila mtu nchini anaijua. Meru School huko Meru, pamoja na Moi High School Mbiruri na Siakago Girls huko Embu, ziko katika orodha ya shule za kitaifa ambazo wazazi huanza nazo. Ni vigumu kumlaumu mzazi kwa hilo. Ngazi hiyo ilijengwa kwa miongo mingi, na kila Serikali iliyoahidi kuibomoa iliishia kuongeza majina kwenye kipago cha juu.

Lakini hesabu haiongopi. Shule za upili za umma nchini ni zaidi ya 9,000. Za kitaifa ni mia moja na ushei. Zilizo nyingi kupita zote ni zile za C4, shule za kutwa za vijijini ambazo kwa kawaida huwa na majengo machache, mabati yaliyopauka na bango lenye nembo ya Hazina ya Ustawi wa Maeneo Bunge. Huko ndiko wengi watakwenda, wapende wasipende. Kwa sababu hiyo, sehemu ya fomu inayostahili kujazwa kwa makini zaidi ni zile nafasi tatu za shule za kutwa, ambazo ndizo hujazwa kwa haraka, mwisho kabisa, kwa majina ya shule mtu anazopita akiwa kwenye matatu.

Yaliyotokea Desemba 2025 na Januari 2026 yalithibitisha hayo. Baada ya nafasi kutangazwa, malalamiko yalisikika kutoka kaunti nyingi. Kuna waliopelekwa mbali na nyumbani ilhali shule ni ya kutwa. Kuna waliopata shule nzuri lakini si masomo waliyoyataka. Wizara ililazimika kufungua siku chache za kuomba mabadiliko. Shule zilipofunguliwa, wanafunzi wengi hawakuripoti kwa wakati, na Serikali ikaagiza wapokelewe hata kama hawakuwa na karo yote wala sare.

Agizo kama hilo humsaidia mtoto kuingia langoni. Halimlipii godoro.

Karo rasmi ya shule za kitaifa imekuwa Sh53,554 kwa mwaka, na ya shule nyingine nyingi za bweni Sh40,535. Desturi ni kulipa asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili na 20 wa tatu. Mzazi wa mwanafunzi wa shule ya kitaifa hutakiwa basi kuwa na Sh26,777 mkononi Januari, mwezi ambao Krismasi imekwisha kumaliza akiba. Juu ya hizo kuna sanduku, godoro, blanketi, viatu, sare za aina mbili na nauli. Katika familia yenye watoto wawili wa sekondari, hesabu hiyo huzidishwa kwa mbili.

Ni lazima kuuliza fedha hizo hutoka wapi katika kaunti hizi mbili. Sehemu za juu za Embu, upande wa Manyatta na Runyenjes, na Imenti kule Meru hutegemea majani chai na kahawa, na malipo yake makubwa huja mara moja kwa mwaka, wala hayaji Januari. Igembe na sehemu za Tigania huishi kwa miraa. Biashara hiyo ilipoteza soko la Uholanzi mwaka 2013 na la Uingereza mwaka 2014. Mbeere, iliyo kavu, hutegemea muguka, na mwezi Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipopiga marufuku zao hilo, wakulima wa Kiritiri na Siakago walijua mara moja kuwa karo imo hatarini, hata kabla suala hilo halijafika mahakamani. Familia inayotegemea zao linaloweza kufungiwa soko kwa tangazo la asubuhi moja haina budi kujiuliza kama inaweza kuahidi bweni kwa miaka mitatu mfululizo. Kuanza si kazi. Kazi ni muhula wa tano, wakati mtoto anaporudishwa nyumbani kwa karo huku wenzake wakiendelea na somo la Kemia.

Kuna pia wasiwasi usiohusu fedha. Septemba 2024, watoto 21 walikufa katika moto wa bweni la shule ya Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri. Ile ilikuwa shule ya msingi ya kibinafsi, lakini wazazi wa eneo la Mlima Kenya hawakuangalia tofauti hiyo walipotazama picha za mabweni yaliyoungua. Tangu hapo, swali la madirisha yenye vyuma na vitanda vilivyosongamana halichukuliwi tena kuwa utovu wa adabu mbele ya mwalimu mkuu.

Hivyo shule ya kutwa si adhabu. Kwa sera ya Serikali, masomo ya kutwa hayalipiwi karo, na mzazi hugharimia chakula cha mchana na sare. Mtoto hulala nyumbani. Swali ni kama shule hiyo inaweza kumfundisha alichochagua.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote. Kila shule ya sekondari ya juu inatakiwa kufundisha mkondo wa STEM na angalau mmoja mwingine. Zinazofundisha mikondo yote mitatu ni chache. Kwa hiyo, mtoto anayetaka Sanaa na Michezo huko Mutuati au Makima huenda asiipate kabisa karibu na nyumbani, na kwake bweni huwa ndiyo njia pekee. Anayetaka STEM ataipata popote kwenye karatasi. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya shule iliyoidhinishwa kufundisha Fizikia na shule yenye mwalimu wa Fizikia.

Shule ndogo ya kutwa mara nyingi huwa na walimu wachache walioajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC), na mapengo yanayobaki huzibwa na walimu wanaolipwa na Bodi ya Usimamizi. Hawa wa Bodi hufanya kazi kubwa kwa malipo madogo, na wakipata nafasi bora huondoka, hata katikati ya muhula. Chini ya 8-4-4, pengo la namna hiyo lilifichika ndani ya masomo saba au manane. Katika mfumo mpya, mwanafunzi ana masomo matatu tu ya kuchagua, na hayo ndiyo yanayobeba mkondo wake. Akikosa mwalimu wa somo moja, amepoteza theluthi ya kile alichokuja kusomea.

Fedha za Serikali kwa shule hizi nazo zina kasoro yake. Kiwango kilichowekwa ni Sh22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Julai 2025, Waziri wa Fedha, Bw John Mbadi, aliwaambia wabunge kuwa kinachotolewa ni karibu Sh16,900. Tofauti ni zaidi ya Sh5,300 kwa kila mtoto. Katika shule ya kutwa yenye wanafunzi 300, pengo hilo hufikia takriban Sh1.6 milioni kwa mwaka. Shule ya bweni yenye jina ina chama cha waliosoma hapo, ina wazazi wenye uwezo, ina basi la kukodisha. Shule ya kutwa ya Ishiara au Laare haina pa kukimbilia, na kinachokatwa kwanza ni dawa za maabara na mshahara wa mwalimu wa Bodi.

Mzazi anayetembelea shule kabla ya kujaza fomu ana mambo machache ya kutazama, na lango si mojawapo. Akiomba kuona ratiba ya Gredi ya 10, ataona ni michanganyiko ipi inayofundishwa hasa. Orodha ya Wizara humwonyesha kile shule iliruhusiwa kutoa, ratiba humwonyesha kinachotolewa. Aulize kila somo la mchanganyiko huo lina mwalimu wa TSC au wa Bodi. Aingie maabara, afungue bomba aone kama maji yanatoka. Aulize wanafunzi wangapi wamo katika mchanganyiko huo, kwa sababu darasa la wanafunzi wanne huenda likaunganishwa na jingine au likafutwa. Aulize chakula cha mchana ni pesa ngapi kwa muhula, na nini hufanyika kwa asiyelipa. Kwa binti, apime njia kwa miguu yake mwenyewe, saa kumi na mbili asubuhi, si saa nne mchana. Shule iliyo kilomita nane kutoka nyumbani, yenye bodaboda ya kwenda na kurudi kila siku, inaweza kuzidi bweni kwa gharama na kwa hatari.

Kundi la kwanza la Gredi ya 10 limewaachia wenzao msaada mmoja ambao lenyewe halikuupata. Mwaka 2025, wazazi walichagua shule ambazo hazijawahi kufundisha mtaala huo hata siku moja, wakitegemea ahadi na karatasi. Mwaka 2026 kuna wanafunzi walio darasani. Mtoto wa jirani anayesoma katika shule inayofikiriwa anajua kama mwalimu wa Kompyuta yupo, na atasema bila kuzungusha maneno.

Kuhusu mkondo wenyewe, dhana mbili potovu zimeenea vijijini. Ya kwanza ni kuwa STEM ni Fizikia na Kemia pekee, ya watoto wenye akili nyingi. Mkondo huo una Kilimo, Sayansi Kimu, Kompyuta na masomo ya ufundi kama vile useremala na umeme. Katika kaunti zinazoishi kwa chai, kahawa, maziwa na macadamia, mchanganyiko wenye Kilimo na Biolojia si chaguo la walioshindwa. Dhana ya pili ni kuwa Sayansi ya Jamii ni njia rahisi. Ina fasihi, historia, jiografia, biashara na lugha, na wanaoidharau kwa kawaida hawajawahi kuandika insha ya kurasa nne.

Lakini kuna mlango mmoja unaofungwa kimya kimya. Baada ya majadiliano ya mwaka 2025, Hisabati ilirejeshwa kuwa ya lazima kwa wote, ila kwa viwango viwili. Wanafunzi wa STEM husoma ile ya kina, wengine husoma nyepesi zaidi. Mtoto wa miaka 15 anayekimbia hesabu leo huenda akagundua mwaka 2028 au 2029 kuwa uhandisi, takwimu au uanahewa vimekwisha kumpita. Uamuzi huo si wa kumwachia mtoto peke yake, na si wa kumnyang'anya pia.

Mjadala huu wa mzazi kuchagua shule ya umma si wa Kenya pekee. Huko Marekani, jimbo la Minnesota lilipitisha mwaka 1991 sheria iliyoruhusu shule za umma zinazoendeshwa kwa mkataba. Shule hizo hupata fedha za Serikali na hazitozi karo, lakini zina uhuru wa kuajiri walimu na kupanga masomo yao, na zikishindwa kutimiza mkataba zinaweza kufungwa. Waombaji wakizidi nafasi, hupigwa kura ya bahati nasibu. Mtindo huo ulienea katika majimbo mengi, na ubishi juu yake haujaisha. Wanaouunga mkono husema mzazi maskini amepata uchaguzi. Wanaoupinga husema unazipora shule za kawaida wanafunzi na fedha.

Kenya haina shule za aina hiyo. Kilicho karibu zaidi nazo ni mdhamini. Shule nyingi za umma za Meru na Embu zilianzishwa na makanisa, Methodisti huko Kaaga, Wakatoliki na Waanglikana kwingineko, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 bado inamtambua mdhamini na kumpa sauti katika bodi. Nyingine zilijengwa kwa harambee, kwa mbuzi na magunia ya mahindi ya wanakijiji wenyewe. Lakini mwalimu ni wa TSC, mtaala ni wa Serikali, na hakuna mkataba unaoweza kuwekwa mezani shule inaposhindwa. Mzazi wa Minnesota asiyeridhika humhamisha mtoto na fedha humfuata. Mzazi wa Mikinduri asiyeridhika hutafuta nafasi kwingine kwa kupiga simu, kuomba na kusubiri, na mara nyingi huambiwa darasa limejaa.

Kwa sababu hiyo, uchaguzi wa Mkenya hufanyika mara moja, kabla ya kuingia, na hubeba uzito ambao haukuwepo wakati wa KCPE. Nafasi tisa za bweni zinastahili kujazwa kwa matumaini yenye kiasi. Haina maana kutaja shule sita za C1 zilizo nje ya kaunti ilhali tathmini za mtoto za miaka mitatu zinaonyesha anakaribia matarajio, si kuyazidi. Mzazi wa Embu anaweza kutazama Kirinyaga na Tharaka Nithi, wa Meru akatazama Tharaka Nithi na Laikipia, na kuchanganya shule za C2 na C3 ambazo zina mabweni na maabara lakini hazipiganiwi na nchi nzima.

Zile tatu za kutwa zinahitaji Jumamosi mbili za kutembea. Katika Mbeere Kaskazini au Igembe Kaskazini, ambako shule ziko mbali mbali, huenda zikahitaji tatu. Wanafunzi walio Gredi ya 9 mwaka 2026 watamaliza Gredi ya 12 mwaka 2029, na wengi wao watakuwa wamekwenda na kurudi kila siku kwa miaka mitatu katika shule ambayo mzazi wao aliitaja katika mstari wa kumi, wa kumi na moja au wa kumi na mbili.